Jina Ambalo Sikulitaja

Aziza mwanangu,

Karatasi hii ikinuka nyama, usikunje pua. Naiandika hapa buchani, juu ya meza ileile uliyoizoea tangu unatambaa. Nimeifuta mara mbili na bado inanuka. Wateja wamepungua na jua bado lipo. Nyumbani hakuandikiki leo: mama yako ameifungua na kuifunga valizi yako mara tatu tangu asubuhi, na kila akiifunga anakumbuka kitu. Habari za kutunza pasipoti, kutokula vitu vya njiani, kutompa mtu simu yako hata akisema anataka kupiga mara moja tu, hayo ameshakuambia, na atakuambia tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Namwachia kazi yake. Mimi nina yangu.

Yangu ni lile swali.

Unalijua. Zimepita wiki tatu sasa. Tulikuwa tumetoka kumzika Mama Pascaline, na wewe ulikuwa umelia mpaka macho yamevimba. Ulikuwa na haki ya kulia. Ukuta wake na wetu ni mmoja, na ulipozaliwa, mama yako akiwa mgonjwa, ni yeye aliyekubeba mgongoni siku arobaini akienda nawe mpaka kwenye misa yake ya asubuhi. Basi tumekaa mezani, chakula kinapoa, nawe ukasema taratibu kabisa:

"Papa, maalimu anasemaka wale hawataingia mu pepo. Katekista yao naye anasemaka ni siye hatutaingia. Bote babili habawezi kuwa na haki. Sasa Mama Pascaline iko wapi?"

Nami nikapiga meza. Glasi ya mama yako ikaanguka, maji yakamwagika mpaka mapajani mwake. Nikasema, "Hiyo maneno sitaki kuisikia mu nyumba yangu!"

Tangu siku hiyo umekuwa na adabu. Ndiyo, papa. Asante, papa. Nimesikia, papa. Miaka ishirini nimelalamika kwamba mtoto huyu ana mdomo, hanyamazi, anabishana hata na redio. Sasa nautafuta huo mdomo nyumba nzima na siuoni. Kesho unaondoka kwenda Kampala kusomea ukunga, miaka mitatu, na mimi sitaki uvuke mpaka ukiwa na adabu ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine, na niliseme kabla sijaishiwa ujasiri. Najua kuhusu siku za Jumapili. Miezi minne iliyopita nilikuwa juu ya moto, pikipiki ya kukodi, napita mtaa wa Majengo, nikakuona unatoka kanisani pamoja na Neema, binti wa Mama Pascaline, kitambaa umekishusha mabegani, mnaimba huku mnatembea. Mwenye moto akaniuliza, "Papa, si ile ni mutoto yako?" Nikamwambia aendeshe. Sikumwambia mama yako. Najua ataisoma barua hii kabla yako, kwa hiyo leo ndiyo anajua: Mama Aziza, pole, tutazungumza.

Nilingoja uniambie mwenyewe. Sasa naona kwamba siku ile mezani ndiyo ulikuwa umeanza kuniambia, ukaanzia na Mama Pascaline kwa sababu ndipo palipokuwa panauma. Na mimi nikakunyamazisha. Nakuomba msamaha, Aziza. Nimeliandika neno hilo kwa sababu kwa mdomo limenishinda wiki tatu.

Naogopa nini? Naogopa utaacha sala zetu. Sitajifanya shujaa, hilo naliogopa, na likitokea nitaumia, na sitaficha kwamba nimeumia. Lakini kuna ninaloliogopa zaidi. Naogopa utaamini chochote utakachoamini huko, kisha urudi hapa ukinionyesha uso mwingine, uniitikie ndiyo papa mpaka nife, na nisijue kamwe nilikuwa na mtoto gani. Nimeshawahi kumpoteza mtu kwa njia hiyo. Nilimpoteza kwa kosa langu, na kosa lenyewe sijamwambia mtu yeyote isipokuwa watu wawili, na mmoja wao yuko kaburini.

Sasa sikiliza.

Kazi yangu unaijua, lakini nusu yake hufanyika kwenye nyua za watu na hujaiona. Katika mji huu wa Goma Mkristo akitaka kuoza binti, au kubatiza, au kumaliza kilio cha mzee wake, na anaye hata jirani mmoja Mwislamu, ng'ombe wake hamgusi. Anakuja kwangu. "Papa Ramazani, utuchinjie, ili bote bakule." Nimechinja kwa Wakatoliki. Nimechinja kwa Waprotestanti walioshuka kutoka milima ya Masisi na ng'ombe wao wenyewe. Wasabato walinitaka nimalize kabla jua la Ijumaa halijazama, nikamwambia mzee wao kwamba Ijumaa hiyohiyo ni yangu pia, tukaugawana mchana. Nimechinja hata kwa wale wanaobisha hodi milangoni na magazeti yao. Hao hawali damu, walisimama wakahakikisha imetoka yote, na nadhani sijapata wateja niliokubaliana nao kazini kama hao.

Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaamini nini. Walichotaka ni kwamba jirani yao ale kwa amani. Namlaza mnyama akielekea kibla, ambayo kwetu hapa ni kaskazini, mlima ukibaki kidogo upande wa kushoto. Kisu simwonyeshi. Kisha, kabla ya kukata, nataja jina la Mungu. Kutaja kwenyewe hakuchukui hata pumzi moja. Hakuna anayenichunguza kama nimetaja, maana nani atachunguza kitu kama hicho? Mwislamu anakula kwa kuniamini, na Mkristo anampa sahani kwa kuniamini.

Wakati wa haya ninayokusimulia, baba yako mdogo Amisi alikuwa dereva wa basi dogo la Rutshuru. Wewe ulikuwa na miaka minne. Alikutana na Furaha, binti wa Masisi, aliyekuwa anapakia viazi vyake kwenye gari lile, na mwaka ule Amisi akabatizwa, akajiita Daniel. Watu wakasema amebatizwa kwa ajili ya mwanamke. Mimi pia nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Si kweli, na nilijua si kweli. Mwaka mzima kabla hajamwona Furaha, ndugu yangu alikuwa anakuja hapa buchani jioni na maswali. Kwa nini Mungu mmoja na njia zinazokataana? Mtu aliyezaliwa kwingine angejuaje? Alikuwa anauliza kama wewe, na mimi nilikuwa nampigia meza kama nilivyokupigia wewe. Mwishowe akayapeleka maswali yake mahali ambapo walimkaribisha kiti.

Wiki mbili kabla ya arusi alikuja. Hakuingia ndani, alisimama palepale wateja wanaposimama.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "utakuya kutuchinjia?"

"Pasteri yako haiko na kisu?"

"Iko nayo. Lakini mama atakula nini?"

Mama yetu, bibi yako, alikuwa ameshasema atakwenda. Alilia siku mbili mtoto wake alipobatizwa, siku ya tatu akauliza arusi ni lini na atavaa nini. Kwa hiyo nikakubali. Nilikubali nikiwa na hasira mpaka masikio yanavuma, kwa sababu nilikuwa nimeshapata wazo.

Asubuhi ya arusi nilifanya kila kitu sawasawa. Fahali alikuwa mweusi, mzuri, wakwe walikuwa wamemleta kutoka milimani kwa miguu. Tulimlaza. Amisi mwenyewe alishika miguu ya nyuma, suruali ya arusi ameikunja mpaka magotini. Na pale ilipofika zamu ya ulimi wangu, nikanyamaza. Nilitikisa midomo tu, Aziza. Niliitikisa ili wanaotazama waone inatikisika. Kisha nikakata.

Nilikuwa nimepanga hivi: chakula kikishagawiwa, nisimame mbele ya watu wote, niseme nyama hii si halali, mimi niliyechinja nasema, Mwislamu asiile. Mama na shangazi zangu wa Birere wangesukuma sahani. Wakwe wangeaibika. Amisi angeona mbele ya mke wake kwamba huko alikokwenda hawezi hata kumlisha mama yake. Ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka kumtetea Mungu, na njia niliyoiona ni kulificha jina lake.

Basi wakagawa. Furaha mwenyewe, na gauni lake jeupe, akatoka kwenye kiti cha maarusi, akambebea mama sahani, akapiga goti chini.

"Mama, kula bila wasiwasi. Hii ni Papa Ramazani njo alichinja."

Mama akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akaniona. Akatabasamu. Alikuwa anajivunia mimi. Alidhani nimeishinda hasira yangu nikaja kumchinjia ndugu yangu. Akakata kipande, akakitia mdomoni, na mimi nikawa nimesimama pale, hotuba yangu nimeimeza. Nikamtazama mama yangu akila mpaka akamaliza. Mtu akaniuliza mbona mimi sili. Nikasema tumbo.

Baada ya siku hiyo sikukanyaga kwa Amisi miaka sita. Akija mtaani, mimi natokea mlango wa nyuma. Akituma salamu, sirudishi. Na kilichonimaliza ni kwamba watu walinisifu. Msikitini walisema, Ramazani hana mchezo na dini yake, hata ndugu yake wa tumbo moja amemwacha. Nilikuwa napokea sifa hizo nikiangalia viatu vyangu. Sikuwa namkimbia Mkristo. Nilikuwa namkimbia mtu niliyemfanyia uovu, na kila mwaka ulivyopita dini ilizidi kunifaa kama kisingizio.

Niliwahi kumwendea maalimu mmoja mzee, nikazunguka mbali. Nikamwuliza, "Maalimu, mchinjaji akisahau kutaja jina?"

"Akisahau, Mungu ni mwenye kusamehe. Nyama iliwe tu."

"Na akiacha makusudi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Makusudi? Nani huyo mwenda wazimu?"

Nikamwambia nilikuwa nauliza tu. Siku ile nilirudi nyumbani nikakugombeza wewe kwa sababu ya kalamu iliyopotea. Pengine unakumbuka, maana wewe hujawahi kusahau kugombezwa.

Kisha bibi yako akaugua. Ulikuwa na miaka kumi. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu chumbani, mama yako amekwenda sokoni, nami nikaona kwamba akiondoka kabla sijamwambia, nitabaki na kitu hicho mpaka siku yangu. Nikamweleza yote. Midomo, kisu, hotuba. Nikamwambia, "Mama, nilikulisha haramu. Ulikula kwa kuniamini mimi."

Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha nikaona tumbo lake linatikisika chini ya blanketi. Alikuwa anacheka. Mgonjwa wa kufa, anacheka.

"Ramazani," akasema, "weye unawaza miye nilikuwa nangoja weye unisemee? Nilishikaka sahani, nikasema bismillahi yangu, njo nikakula. Ninasemaka yangu kila siku tangu niko mutoto. Weye ni nani?"

Weye ni nani. Alisema bila ukali, kama mtu anayekuuliza bei ya vitunguu. Lakini mimi nililia kwa kwikwi pale pembeni mwa kitanda, mtu mzima na ndevu zake. Miaka sita nilikuwa nimeamini kwamba imani ya mama yangu ilikuwa mkononi mwangu, kwamba niliposhika ulimi niliifunga. Kumbe yeye alikuwa na yake, na mimi sikuwa na ufunguo wake hata siku moja.

Nilipomaliza kulia akanishika kidevu. "Miye haukuniweza," akasema. "Ni ndugu yako njo uliibia. Wende umuambie."

Amisi alikuwa ameshaacha udereva, amehamia Bunagana kuwatengenezea wafanyabiashara karatasi za duane, ushuru wa forodha, pale mpakani, kazi anayoifanya mpaka leo. Nikapanda gari. Munigi, Rutshuru, njia yote nilikuwa napanga maneno, na nilipofika maneno hayakuwepo. Furaha alinifungulia mlango na mtoto mgongoni. Hakuuliza nimefuata nini. Aliweka chai, akatuacha.

Nilipomwambia ndugu yangu, hakucheka kama mama. Alikaa akiniangalia mdomo.

"Ulitikisa midomo," akasema.

"Nilitikisa."

"Na miye nilikuwa nashika miguu ya ngombe."

"Ndiyo."

"Miaka sita, Yaya, nilikuwa nawaza ni Mungu yako njo anakukataza kuingia kwangu. Nikamuchukia, unasikia? Nikachukia Mungu ya mama yangu, sababu ya weye. Kumbe hakuwa yeye."

Hakunisamehe siku hiyo. Nakuambia hili kwa sababu watu hupenda kusimulia kana kwamba ukishakiri, mambo yanatengenea hapohapo. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanipa mkono kama unavyompa mtu wa ofisini, akarudi kwake. Nikarudi Goma.

Miezi miwili baadaye mama akafariki, na Amisi akaja. Unakumbuka, ulimwuliza mama yako ni nani yule mtu anayelia ambaye ana sura ya papa. Kule makaburini wanaume wawili wa msikitini wakaninong'oneza kwamba yule asishuke kaburini kumpokea maiti, si wetu tena. Pengine kwa kitabu walikuwa na hoja, mimi si mwanachuoni. Niliwaambia tu, "Ni mutoto yake," nikashuka, nikamnyooshea Amisi mkono, naye akavua viatu akashuka. Tulimpokea mama wote wawili, mimi kichwani, yeye miguuni. Mle ndani, tukiwa tumeinama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa tunaweza kuanza." Na kweli tulianza, polepole, simu moja baada ya nyingine.

Sasa swali lako. Umelingojea vya kutosha.

Mama Pascaline yuko wapi? Sijui, mwanangu. Ndilo jibu langu, na ndilo lililonifanya nipige meza, maana baba anaona aibu kusema sijui mbele ya mtoto wake. Najua ninachotumaini. Natumaini yupo mahali pazuri, na nimemwombea kila alfajiri tangu azikwe, na kama kuna mtu atakayeniambia hairuhusiwi, basi aseme, mimi nitaendelea. Lakini kutumaini si kujua, na sitakupa tumaini langu nikaliita elimu.

Na sitakuambia dini zote ni kitu kimoja, ili tulale vizuri. Si kitu kimoja. Amisi anaamini Yesu alikufa msalabani, na kwamba bila kifo hicho mimi na yeye hatuna pa kwenda. Mimi naamini Isa ni mtume mtukufu na kwamba hakufa hivyo. Hapo hakuna katikati. Mmoja wetu amekosea, na ni jambo kubwa. Tumeshabishana juu yake tukiwa Bunagana mpaka Furaha akaja kutuambia watoto wanataka kulala. Yeye ananiombea nibatizwe, ananiambia usoni. Mimi namwombea arudi, namwambia usoni. Kisha tunakunywa chai, na nikiugua yeye ndiye wa kwanza kufika. Hata msikitini kwetu maalimu wawili hawakubaliani kama Mwislamu anaweza kula nyama iliyochinjwa na Mkristo, na kila mmoja ana kitabu chake. Nimekubali kwamba nitakufa kabla ya kuona ubishi huo unaisha.

Ninachokijua ni kidogo, nimekipata kwa bei kali, na ni hiki. Nilikaa asubuhi moja kwenye kiti cha kuamua nani ni wa Mungu na nani si wake. Nilikuwa na kisu mkononi na kila mtu ananiamini. Na nilichofanya juu ya kiti kile unakijua sasa. Tangu hapo, nikimsikia mtu anatangaza fulani ataingia na fulani hataingia, awe wa kwetu au wa kwao, sibishani naye sana. Naangalia tu midomo yake.

Kwa hiyo uliza. Huko Kampala utalala chumba kimoja na wasichana wa kila namna, na siku moja utazalisha mwanamke anayemwita Mungu kwa jina usilolijua, akiwa amekushika mkono mpaka unaumia. Uliza hapo pia. Ukibaki na sala zetu, ubaki kwa sababu ni zako, uwe umezisema mwenyewe kama bibi yako na sahani yake. Ukienda kwingine, uende kwa miguu yako mwenyewe na macho wazi, usiende kunikimbia mimi. Nilimfukuza mtu mmoja kwa kiganja changu juu ya meza. Sitaki kufukuza wa pili halafu niseme ni Mungu aliyemchukua.

Na ukiwa na hakika kabisa, hakika ile inayofanya kifua kiwe na joto, hapo ndipo umwangalie vizuri mtu aliyeketi mbele yako asiyekubaliana nawe. Mimi sikumwangalia. Alikuwa anashika miguu ya fahali na suruali yake mpya, na sikumwona.

Nimebakisha jambo moja. Kesho jioni utafika Bunagana na utalala kwa baba yako mdogo, na gari la Kampala ni Jumatatu. Kesho kutwa ni Jumapili. Amisi ananijua, kwa hiyo amenipigia simu asubuhi ya leo, nikiwa nanoa kisu.

"Yaya," akasema, "Jumapili siye bote tunaendaka ku kanisa. Mutoto nimupeleke, ao nimuache ku nyumba? Sema weye, sitaki maneno."

Niliweka kisu chini. Mbele yangu kulikuwa na mteja anangoja maini.

"Umuulize yeye," nikamwambia.

"Yaya, uko muzima?"

"Niko muzima. Akisema anaenda, umupeleke. Akisema anabakia, Furaha amutafutie mahali safi ya kusalia. Alafu sikia, Amisi. Usinipigie kunielezea alifanya nini."

Nilisikia malori ya mpakani yanavuma nyuma yake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo, "Sawa, Yaya. Sitakupigia."

Kwa hiyo Jumapili mimi nitakuwa hapa buchani na simu yangu mfukoni, na hakuna mtu wa kuniambia lolote isipokuwa wewe, siku utakayotaka, hata kama ni baada ya miaka. Nitangoja. Na siku hiyo sema kwa mdomo wako ule wa zamani, sitagusa meza.

Baba yako anayekupenda kabla hajajua utajibu nini,

Ramazani